Ripota wa Jumanne Usiku

Februari 1976, gazeti la wanafunzi wa sekondari ya Central, kusini mwa jiji la Minneapolis, lilichapa habari fupi ya kijana wa miaka 17 aliyekuwa akipiga gitaa, besi, kinanda na ngoma. Kijana alikuwa na lawama zake. Jimbo la Minnesota, alisema, halina kampuni kubwa za kurekodi wala studio za maana. Laiti yeye na wenzake wangekuwa New York au Los Angeles, wangekuwa wameshatoka zamani. Aliyemwandika alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo. Gazeti liliitwa Central High Pioneer, na kijana ni Prince Nelson, ambaye mwaka 1984, kwa filamu na albamu ya Purple Rain, aliufanya ukumbi mmoja wa mji huo, First Avenue, ujulikane mpaka kwa watu wasioweza kuuonyesha mji wenyewe kwenye ramani.

Huwa nairudia habari ile, na kinachonirudisha si utabiri, maana haumo. Mwandishi hakusema kijana huyu atakuja kuwa mfalme. Aliuliza anapiga ala gani, muziki kaupata wapi, kwa nini mambo hayaendi. Akaandika majibu, akalipatia jina. Basi. Kazi ya ripota wa muziki wa mji ni hiyo, na ni ufundi ninaouweka jirani kabisa na ufundi wa wapigaji wenyewe. Waswahili tumesema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, ila atatunzwaje kama hakuna aliyewaambia watu kwamba leo anacheza, wapi, saa ngapi, na kwa kiingilio gani?

Minneapolis na Saint Paul ni miji miwili jirani ya kando ya mto Mississippi, na ukiijumlisha kwa sensa ya 2020 wakazi wake hawafiki 750,000. Mombasa peke yake inaishinda. Lakini hesabu majina: Prince na kundi zima la The Time, watayarishaji Jimmy Jam na Terry Lewis, bendi za The Replacements na Hüsker Dü, vijana wa hip hop wa Rhymesayers tangu 1995, na Lizzo aliyehamia hapa 2011 na kujengea jina lake hapa kabla ya kwenda zake. Watu wana maelezo mengi. Wengine husema ni baridi: miezi mitano vijana wamefungiwa kwenye vyumba vya chini ya nyumba, watafanya nini kama si kupiga magitaa? Yamo ya kweli, ingawa baridi hiyo hiyo iko Fargo na Duluth na hatujasikia majina mengi hivyo kutoka huko. Mimi ningeongeza sababu ambayo wanamuziki wenyewe hawapendi sana kuikiri, kwamba mji huu umekuwa, kwa zaidi ya miaka 40, na watu wanaolipwa, tena vibaya, kwenda kumsikiliza mtu asiyejulikana na kuandika walichosikia.

Mfuate mmoja wao siku ya Jumanne ya Januari. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji imegandishwa na magari hadi barabara inang'aa. Anaingia 7th Street Entry, chumba kilichobanwa ubavuni mwa First Avenue, cheusi, dari fupi, kinachochukua watu 250 wakijibana. Leo hawajibani. Kuna bendi tatu kwenye ratiba, na hii ya kwanza inapanda jukwaani wakati ukumbini mna watu wasiozidi 20, nusu yao ni ndugu na wapenzi wa wapigaji. Makoti bado yako mwilini. Wenzake wa magazeti makubwa, kama wanakuja kabisa, watakuja kwa bendi ya tatu. Yeye amekuja kwa hii.

Hasimami mbele. Anasimama nyuma, karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu sauti imepangwa kwa masikio ya mtu aliyesimama pale, na kwa sababu fundi mitambo ndiye mtu anayejua mambo mengi zaidi kuliko wote ukumbini na ndiye asiyehojiwa na yeyote. Masikio ameyaziba kwa vizibo vya mpira. Anayedhani hivyo ni woga hajafanya kazi hii miaka kumi. Kalamu haitoki sana. Anaandika kwamba wimbo wa pili uliingia kabla makofi ya wa kwanza hayajaisha. Mpiga besi anamwangalia mpiga ngoma na si kinyume chake. Mwimbaji alikosea ubeti na akacheka badala ya kuomba radhi. Onyesho likiisha anasogea jukwaani kabla mashabiki hawajaondoka na ile karatasi iliyobandikwa sakafuni kwa gundi, yenye orodha ya nyimbo kwa mwandiko wa haraka, anaipiga picha. Kisha anakwenda kwenye meza ya fulana na santuri, anamtafuta mpiga ngoma, anamuuliza jina, na anamwomba alitaje herufi kwa herufi.

Ufundi wote uko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Jina la mwimbaji utalipata popote. Jina la mpiga ngoma wa bendi iliyoanza wiki sita zilizopita haliko popote duniani mpaka mtu huyu aliandike, na akiliandika vibaya litabaki vibaya, kwa sababu atakayekuja kuandika kitabu miaka 30 baadaye atalinakili kutoka kwake.

Kisha kuna ugumu ambao msomaji haufikirii. Mhakiki wa New York akiiponda albamu, aliyepondwa yuko mbali. Ripota wa mji mdogo akiandika kwamba onyesho lilikuwa chapwa, keshokutwa atakutana na mpiga gitaa huyo akiuza kahawa, au atamkuta ni mwalimu wa piano wa mtoto wake. Ukweli lazima usemwe kwa namna ambayo mtaweza kusalimiana. Hapo wapo wanaoshindwa kwa kusifu kila kitu, na sifa zao zinakuwa kama noti zilizochapwa nyingi mno: hazinunui kitu. Wapo wanaoshindwa kwa ukali wa kujionyesha. Jon Bream wa gazeti la Star Tribune, aliyeanza kuandika muziki wa hapa miaka ya 70 na kutoa kitabu juu ya Prince mwaka 1984, wakati dunia ndiyo kwanza inamgundua, alidumu zaidi ya miaka 40 kwa njia ya tatu: kusema lipi lilikuwa zuri na lipi halikuwa, tena kwa sababu, kisha kurudi tena wiki ijayo. Kuna wasanii walimnunia. Waliendelea kumsoma.

Habari za muziki, hata hivyo, si nyimbo tu. Nusu ya kazi ni majengo, madeni na leseni. First Avenue yenyewe ilijengwa 1937 kuwa stendi ya mabasi ya Greyhound. Ikafunguliwa kuwa ukumbi Aprili 1970 kwa onyesho la Joe Cocker. Ikabadili majina na wenye nayo. Na Novemba 2004 ikafilisika na kufungwa. Ilifunguliwa tena haraka kwa sababu mji mzima, pamoja na meya, ulijua kilichokuwa kikiendelea, na habari ya namna hiyo ripota huipata kwa kusoma makaratasi ya mahakama ya ufilisi, si kwa kungoja taarifa kwa waandishi wa habari. Chris Riemenschneider, naye wa Star Tribune, alikuja kuiandikia historia ya ukumbi huo kitabu kizima mwaka 2017. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kumbi zote, mwenye First Avenue, Dayna Frank, ndiye aliyeongoza chama kipya cha kumbi binafsi za Marekani, na Seneta Amy Klobuchar wa jimbo hili akawa mmoja wa waliobeba mswada wa kuziokoa. Mwishoni mwa mwaka serikali ilitenga dola bilioni 15 kwa ajili ya kumbi, sinema na majumba ya maonyesho. Habari hiyo ilifika Washington, lakini ilianzia kwa watu waliozoea kuandika kwamba paa la ukumbi fulani linavuja.

Ufundi huu una doa lake, nalo ni kubwa, na kuusifu bila kulitaja ni kuudanganya. Miaka ya 60 na 70 bendi za Weusi wa Minneapolis na Saint Paul zilikuwa nyingi na kali, na kumbi za katikati ya jiji hazikuzitaka. Mtaa wa Rondo, moyo wa Weusi wa Saint Paul, ulipasuliwa katikati na barabara kuu ya I-94, na vilabu na nyumba vikaenda nayo. Magazeti makubwa ya jiji hayakuziandika bendi hizo kama zilivyostahili. Waliokuwa wakiandika habari za jamii hiyo, wiki baada ya wiki, walikuwa watu wa magazeti ya Weusi yaliyoanzishwa na Cecil Newman mwaka 1934, ambayo leo ni Minnesota Spokesman-Recorder. Baadaye redio ya KMOJ, iliyozaliwa kwenye nyumba za serikali za kaskazini mwa Minneapolis, ikazipiga.

Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 1984 kwamba Prince ametokea hewani alikuwa anakiri tu kwamba hakusoma gazeti sahihi. Kulikuwa na kaka zake, walimu wake, baba yake mpiga piano, kumbi za mashirika ya vijana walikoshindana bendi kwa bendi. Kulirekebisha hilo kulichukua muda. Kampuni ndogo ya Secret Stash ilikusanya rekodi za zamani za funk na soul za miji hii miwili na kuzitoa upya 2012, ikiwatafuta wapigaji mmoja mmoja. Na Andrea Swensson, aliyekuwa ripota wa muziki kabla ya kuwa mtangazaji, alitoa mwaka 2017 kitabu chake Got to Be Something Here, kinachoanzia miaka ya 50 na kumalizikia pale wengine wanapoanzia. Nakipenda kitabu hicho kwa jambo moja la kiufundi: anaamini kumbukumbu ya mzee, halafu anakwenda kuithibitisha kwenye tangazo la gazeti la mwaka ule. Na tangazo analikuta, kwa kuwa kuna mtu wa zamani aliyelichapa na tarehe yake.

Nasi wa Afrika Mashariki tumo. Mtaa wa Cedar-Riverside, chini ya maghorofa ya Riverside Plaza yenye paneli za rangi, ndio moyo wa Wasomali wa Marekani, na wengi wao walipitia Eastleigh au Dadaab, kwa hiyo ukiingia mkahawani na kuagiza chai kwa Kiswahili huenda usishangaze mtu. Katikati ya maduka hayo kuna Cedar Cultural Center, sinema ya zamani iliyogeuzwa ukumbi wa muziki mwaka 1989. Kwa miaka mingi Wasomali walipita mlangoni pake wakienda msikitini na madukani, na mle ndani walikuwa wakipiga wanamuziki wa kutoka Ireland na Mali. Mwaka 2014 ukumbi, pamoja na chuo cha Augsburg kilicho jirani, ulianzisha mradi wa Midnimo, ukawaleta wasanii wa Kisomali kama Aar Maanta kukaa mjini, kufundisha, na kupiga. Ghafla maripota wa muziki wa Minneapolis walitakiwa kuandika juu ya ala ya kaban, juu ya bendi za Mogadishu za miaka ya 70, juu ya akina mama walioujaza ukumbi na kuimba kila neno.

Wapo walioandika kivivu, habari ya wakimbizi yenye muziki nyuma yake. Wapo walioandika muziki. Tofauti unaiona katika aya ya kwanza: wa pili anakuambia nani alipiga kinanda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Siama Matuzungidi. Msomaji wa Nairobi aliyecheza nyimbo za bendi ya Virunga ya Samba Mapangala miaka ya 80 amelisikia gitaa lake, hata kama jina halijui. Mkongo huyu alipitia Uganda na Kenya enzi za santuri, akapiga na kutunga kwa bendi hii na ile kama walivyofanya wapigaji wa Kikongo wote wa Nairobi wakati huo, na miaka ya 90 akafikia Minneapolis, ambako angeweza kabisa kuishi na kuzeeka kama mzee fulani mpole wa Kiafrika anayepiga gitaa. Hilo nusura litokee. Wasanii wa hapa walimfahamu kwanza, kisha maripota wakafanya lile wanalolijua: wakamkalisha, wakamuuliza alipiga na nani, mwaka gani, studio ipi, wakayaandika yote. Mwaka 2014 alipewa ruzuku ya wanamuziki ya McKnight, na 2016 akatoa albamu ya Rivers. Sikilizeni jinsi solo lake linavyoingia: halina haraka, linangoja gitaa la kati lijikunje mara mbili, ndipo linapanda juu kabisa ya mpini na kukaa huko. Mtu wa Minnesota anayelisikia leo anajua limetoka wapi. Kwetu wangapi wanajua limekwenda wapi?

Gazeti lililoshika kazi hii kwa nguvu kuliko yote lilikuwa City Pages, la kila wiki, la bure, lililoanza 1979 kwa jina la Sweet Potato. Kila mwaka lilikuwa likiwauliza wajuzi wa muziki wa mjini wataje bendi mpya zinazostahili kusikilizwa, kura iliyoitwa Picked to Click, na siku matokeo yanapotoka bendi zilizokuwa zikipigia watu 20 zilianza kupigia 200. Oktoba 2020 lilifungwa. Matangazo ya kumbi na baa ndiyo yaliyolilisha, na kumbi na baa zilikuwa zimefungwa. Mwaka uliofuata wahariri wake wanne wa zamani walianzisha Racket, linaloendeshwa kwa ada za wasomaji, na kura wakaihamishia huko. Ni dogo. Linasomwa. Kwenye redio iko The Current, iliyoanza Januari 2005 na ambayo wimbo wake wa kwanza kabisa kuurusha ulikuwa wa Atmosphere, kundi la hapa hapa Minneapolis. Prince alipofariki, tarehe 21 Aprili 2016, redio hiyo ilipiga nyimbo zake tu, usiku kucha hadi kesho yake, na mtaa wa mbele ya First Avenue ulijaa watu mpaka alfajiri. Hawakuhitaji kuelezwa kwa nini wakusanyike pale. Walikuwa wameelezwa kwa miaka 40.

Sasa kwetu. Dar es Salaam ya miaka ya 70 na 80 ilikuwa na bendi ambazo mji wowote wa Marekani ungezionea wivu: NUTA, Vijana, Maquis, Mlimani Park. Kwa sababu kurekodi kulikuwa mikononi mwa Radio Tanzania, redio ndiyo iliyokuwa gazeti, na kanda zake ni hazina. Lakini ukitaka kujua nani alipiga tarumbeta kwenye wimbo fulani, mara nyingi unategemea kumbukumbu ya watu, na watu wanazidi kupungua. Anayepigana na hali hiyo kwa muda mrefu ni John Kitime, mpiga gitaa wa bendi ya Njenje, ambaye amekuwa akiandika maisha ya wanamuziki wa dansi mmoja baada ya mwingine, bendi baada ya bendi, nani alimfuata nani na nani alihama lini. Ni mwanamuziki anayefanya kazi ambayo wanahabari wangepaswa kuwa wameshaifanya. Kurasa zetu za burudani zimekwenda kwenye udaku: gari la nani, penzi la nani, nani kamjibu nani mtandaoni. Siuchukii udaku, nausoma kama watu wote. Ila miaka 30 ijayo hautatuambia lolote juu ya sauti.

Wakati huo huo usiku wa leo kuna bendi inapiga Kinondoni, kuna kijana wa singeli anapanga kibodi Manzese, kuna kikundi cha taarab kinafanya mazoezi Zanzibar kwenye chumba chenye feni moja, na mpiga violini wake wa pili hajawahi kuandikwa jina lake mahali popote.

Wahariri wa burudani wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Goma, nawaomba jambo la gharama ndogo. Mpeni ripota mmoja nauli na kiingilio, mtumeni ukumbini siku isiyo na jina kubwa, na mmwekee nusu ukurasa kila wiki bila kuukata. Akirudi, kabla hamjamuuliza nani kaachana na nani, muulizeni nani alipiga ngoma.